Picha ya Damu ya Baba

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na watoto, hawajambo? Sisi tunasogea, ila Mama amekonda kidogo kwa mawazo. Nisamehe mwandiko, hata mkono wangu una haya.

Najua ulisikia kuwa ile kamera ya mionzi, wanayopigia picha mabomba yaliyochomelewa, ilikwama ikiwa wazi na Baba yupo karibu. Usilolijua ni kwamba beji yake ya kupimia mionzi ilikuwa kabatini. Huwa anaiacha huko makusudi, maana beji ikisoma juu, mtu anaondolewa kwenye kamera. Tafadhali usimgombeze. Ameshajigombeza mwenyewe.

Kwa kuwa beji haikuona kitu, walimtoa damu wakatazame kromosomu zake. Siku ya majibu tukakuta daktari ni mgeni, hajui lugha yetu, na lugha ya shuleni, anayoongea daktari, inampiga Baba chenga. Mkalimani nikawa mimi! Mimi huyuhuyu mnayeniita Kimya, ninayejificha jikoni wageni wakija.

Daktari akatuonyesha picha. Nikaeleza kwamba ndani ya kila seli kuna kromosomu, kama nyuzi zilizobeba maagizo ya mwili. Mionzi huzikata. Seli huhangaika kuziunga, na mara nyingine huunganisha vipande visivyohusiana. Sijamaliza, Baba akaweka kidole palepale. "Hapa pameungwa vibaya." Si ndiyo kazi yake, Shangazi, kutafuta viungo vibovu kwenye picha? Safari hii bomba lilikuwa yeye.

Kisha akasema polepole, "Muulize kama ninyi nimewaharibu."

Daktari akajibu hapana, sisi tulishazaliwa. Kilichoharibika kwenye damu yake hakituhamii. Seli nyingi mbovu zitakufa zenyewe. Ila hatari ya saratani imepanda kidogo, kwa hiyo asijiongezee mionzi, na sigara aache, maana moshi nao huharibu kromosomu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Mama hajui. Kazini wamempa Baba achague: arudi kwenye kamera au ahamie stoo. Tulipomuuliza daktari, alisema tu afikirie vizuri. Mimi nikatafsiri: "Anasema nenda stoo, Baba. Watoto wako bado wanakuhitaji."

Njiani Baba akasema, "Kimya, daktari katoa maneno mawili, wewe ukanipa mkutano mzima. Yale ya mwisho ya nani?"

Nikaangalia viatu. "Yangu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe una mdomo!"

Kesho anaanza stoo. Wenzake wameshambatiza Bwana Misumari, naye anacheka nao, lakini jana nilimkuta peke yake anaigeuzageuza ile beji mkononi. Mpigie jioni, Shangazi. Muulize habari za kazi kama ulivyokuwa ukimuuliza zamani. Wewe ni dada yake, akisikia kwako ataamini bado ni fundi.

Wasalimie binamu zangu wote, hasa kitindamimba. Bibi na Mama wanakusalimu. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Baba amepita hapa, akasema nikusalimie sana. Hayo ni maneno yake mwenyewe, sijaongeza kitu.

Wako akupendaye, hata asiposema,
Kimya