Jumbe wa Makumbusho Ana Joto

NESTA SHIKA SIMU. Nimekwisha.

Niko makumbusho hapa Mlowo, kile chumba walichokipanga kama enzi za Mwingereza. Giza, koroboi, mvua ya kwenye spika. Mlangoni, kwenye kigoda, sanamu ya jumbe wa miaka ya hamsini na koti lake kuukuu, macho kafumba.

Nikamvuta ndevu! Nikamwambia, "Wamekupatia kweli, mzee, umefanana kabisa na baba mkwe wangu!"

Ndevu zina joto, Nesta.

NI BABA MKWE MWENYEWE.

Tangu niolewe Ileje namwona kwa mbali tu, sijawahi hata kupishana naye njiani, unajua mila yao, mkwe na baba mkwe hawakutani. Akinisikia uani anazungukia nyuma ya nyumba. Na mimi nimemvuta NDEVU.

Akanong'ona bila kufumbua macho: "Pita, mama. Mimi sijakuona."

Kumbe kaja na wazee wa kanisa, kakaa kupumzika. Aliponiona naja akakosa pa kukimbilia, akajifanya sanamu ili tusikutane!

Na mimi kwa kiwewe nikarukia ndani badala ya nje. Mlango ni huo huo mmoja, magoti yake yameuziba. Nimejibanza nyuma ya magunia ya kahawa.

Mungu wangu, mwongozaji analeta wageni. Anawaambia, "Karibuni, humu kila kitu mnaruhusiwa kushika."