Shemeji, nilikuandika "misioni"

Shemeji mupendwa,

Unakumbuka vile nilikuwa nakuchekelea juu ya penseli zako? Tano, zote zimechongwa, na ole wake atakayegusa moja! "Shemeji, hii haiko kijiko," uliniambia. Kolwezi nzima hakukuwa na mutu wa kuchora plani za mgodi kukupita. Kazi yangu mi ilikuwa pointage tu, daftari la mahudhurio: P kwa aliyekuja, A kwa asiyekuja.

Halafu wakaanza kufukuza watu wa Kasai. Baba yako ndiye alitoka kule; wewe ulizaliwa hapa, ukaoa dada yangu hapa, lakini mulitolewa nyumbani kwa fimbo mpaka stesheni ya treni. Chefu wetu wa ofisi alikuja mbio huko. "Tata, utachora ukiwa kule Kasai. Vipimo tutakusomea kwa fonie, ile redio ya parokia, plani utatuma na treni. Kazi yako itakungoya." Uso wako ukafunguka. Mi pia nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kila asubuhi nilikusomea vipimo, nawe ukachora huko kwenye darasa la parokia mulimolazwa. Mwenye karakana mumoja wa huko alikuita kazi, ukakataa. "Mi niko mutu wa kampuni," ulisema, na dada yangu alinung'unika nyuma yako, nilimusikia.

Sasa nikuwekee herufi gani? A hapana, ulikuwa unafanya kazi. P nayo, nani angeamini? Nikajiona mwerevu, nikaandika M: misioni, mutu ametumwa safari ya kazi. Mjinga mimi! Misioni ina siku ya kurudi. Ilipopita, direkta mupya akafungua daftari: "Huyu hakurudi. Ameacha kazi kwa kupenda kwake." Chefu aliangalia viatu vyake. Karatasi ya kukufuta kazi ilitaka sahihi ya mutu wa pointage, nikasaini.

Kwa kupenda kwake, wewe!

Leo ofisini tumebaki wanne, mgodi umejaa maji, hakuna anayeuliza plani. Fonie haijibu tena na sijui kama muko hai. Sina tumaini, Shemeji, siwezi kukudanganya zaidi ya nilivyokudanganya.

Maana kuna hili sikukwambia. Asubuhi baada ya kusaini, fonie iliita. "Shemeji, niko tayari, soma." Niliogopa kusikia utakavyonyamaza, basi nikakusomea vipimo vyote, polepole, ili uandike vizuri. Kesho yake tena. Wiki tatu, mpaka ile fonie ikakatika, na ile karakana uliyoikataa ilikuwa bado inakungoya.

Mushikilie dada yangu.

Shemeji yako, yule wa pointage