Mto Ulio Ndani ya Kompyuta

Jumanne, 8 Aprili

Leo ofisi ya maji imemkabidhi binti yangu mto mzima. Mzima! Kitindamimba wangu huyu huyu aliyekuwa analia akiogeshwa. Mto wenyewe uko ndani ya kompyuta. Kanieleza huku anakula: bonde lote lina vipimo vya maji viwili tu, na kimoja kimekufa. Basi pasipo na kipimo, kompyuta inakokotoa – mvua inayoonwa na satelaiti, mteremko, udongo – maji yatafika wapi na lini. Nimeelewa nusu. Nusu hiyo nimeitangaza mtaa mzima.

Jumatano, 9 Aprili

Kaninong'oneza jikoni: Mama, ibaki kwetu. Milimani kunanyesha mno. Huenda keshokutwa mto ukafika soko la chini. Mkubwa wake wa kazi hataki kutangaza, eti ni makisio tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Ilibaki kwetu mpaka nilipofika kibandani kwangu sokoni kuhamisha cherehani. Shoga yangu muuza vitambaa akauliza, wahamia wapi? Mimi na mdomo wangu! "Mto unakuja kesho, mwanangu kasema." Lile "huenda" sijui lilidondokea wapi. Kufika adhuhuri soko liko juu ya vichwa vya watu, linapanda kilima. Kabaki fundi baiskeli peke yake: "Mama Mhandisi, jua lote hili, mafuriko yatoke kwenye kompyuta?"

Binti karudi kanuna. Mkubwa kamwambia maji yasipofika, mto wake unafungwa, arudi kupiga mihuri.

"Mama, nilisema huenda!"

"Mwanangu, na huenda nayo ni habari."

Kajikaza asicheke. Kashindwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Anga jeupe pe! Tumeshuka pamoja, yeye hata chai hajanywa. Mto umelala kama mtoto aliyeshiba. Watu wakaanza kurudi na mizigo – na maneno. Nimeyapokea yote, nina kifua.

Mara maji yakageuka rangi ya tope. Gogo. Tawi. Gogo jingine. Na jua linawaka!

Sasa yamemeza ngazi ya kwanza ya soko. Fundi baiskeli anakimbia na magurudumu shingoni. Shoga yangu kamfuata na pampu, anamcheka na kumsaidia. Tumepanda kilimani wote. Binti kaweka kompyuta juu ya cherehani yangu. Yangu! Mkubwa wake, suruali imelowa magotini, kachuchumaa kando yake.

"Binti, yataishia wapi?"

Anaangalia kioo cha kompyuta, anauma mdomo. Soko zima limeinama kumsikiliza. Hata mimi nimeinama, na safari hii lile "huenda" silidondoshi.