Kwa Luseno, Aliyeshuka Kusalimia

Mwaka umetimia, Baba Muhonja, tangu ulipotutoka mwezi wa nane, na bado kila asubuhi tunatega sikio tukidhani tutasikia kengele ya baiskeli yako mlangoni. Mkeo Triza ndiye anayetega zaidi. Ukimuuliza atakwambia anangoja maziwa. Maziwa siku hizi tunaletewa jioni.

Tunakukumbuka ukijaza matairi upepo huku ukiimba nyimbo za kanisa, pampu ikienda na wimbo, na wimbo ukienda unakotaka wenyewe. Tunakukumbuka ukifuta mnyororo kwa leso ya Triza, ile nzuri, halafu ukiapa mbele yetu sote kwamba mafuta yale ni ya kuku. Aliyadharau maneno yako, lakini leso hiyo hajaitupa. Ameikunja kabatini na doa lake.

Lakini watu wa nyumba hii tukikaa pamoja, hadithi inayorudi ni ya mwaka ule wa tisini na tatu, ulipojifunza kwenda mbio kwa baiskeli ukiwa na mvi kichwani. Huku mtaani wanaisimulia ovyo, kila mtu na chumvi yake. Acha leo tuisimulie sisi tuliokuwapo.

Kazini walikuwa wamepunguza watu, na jina lako likawemo. Nyumba ya Makongeni ilikuwa ya kazi, kwa hiyo nayo ilikuwa inakwenda. Uliyasema yote mezani bila kupaza sauti: ama upate kazi nyingine tukapange chumba mahali, ama tufunge virago turudi Vihiga na Muhonja aache sekondari katikati. Muhonja alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Triza alimwona, nawe ulimwona.

Ndipo ukasikia kwamba Nahashon, mwenye tanuri la mikate karibu na soko la Burma, anatafuta mtu wa kusambaza mikate kwa baiskeli. Mlikuwa wawili mnaoitaka kazi hiyo, wewe na kijana mmoja wa Kaloleni anayeitwa Amolo, miguu mirefu, mdomo mrefu zaidi. Nahashon akasema hana haja ya barua za sifa. Jumamosi baada ya wiki tatu kila mmoja atabeba mikate mpaka Donholm, kwenye kibanda cha Mama Waringa, na atakayefika wa kwanza na mikate haijapondeka, kazi ni yake.

"Yule kijana atakumeza," Triza alikwambia.

"Atanimeza na baiskeli yangu?" ukamjibu. "Atatapika vyuma."

Jirani yetu Okumu, aliyewahi kushindana kwa baiskeli Kisumu akiwa kijana, ndiye aliyekuwa mwalimu wako. Alikupandishia kiti mpaka ukalalamika kwamba unaendesha dari. Akakufundisha kukanyaga kwa mbele ya wayo, si kwa kisigino. Akakwambia ukimbie kwa nguvu zako zote kutoka stendi moja hadi nyingine, kisha upumue mpaka inayofuata, kisha tena. Na kwa kuwa siku yenyewe utabeba mzigo, ufanye mazoezi na mzigo.

"Mzigo gani?" ukauliza.

Okumu akamtazama Triza.

Mungu wangu! Mama wa watu, mweka hazina wa akina mama kanisani, akapandishwa kwenye karia ya baiskeli na kufungiwa mto wa kukalia. Asubuhi ya kwanza vijana wa mtaa walijipanga ukutani kuwatazama. "Sasa mzee! Umebeba nini hapo?" Triza mwenyewe ndiye aliyewajibu, shingo juu: "Mimi ndio mkate."

Siku hiyo ndiyo aliyogundua ugonjwa wako. Mlianza vizuri, upepo unampiga usoni, akaanza kufikiri kwamba kumbe mume wangu ana nguvu hivi. Mara ukafunga breki, ukashuka, ukamsalimia fundi wa viatu. Mkapanda. Hamjakwenda mbali ukashuka tena, kuna mzee wa kanisa. Kisha mama wa uji. Kisha mtu ambaye hata jina lake hukulijua, ila ana mvi. Na kila ukishuka, Triza naye anashuka, na kila salamu ilikuwa na watoto wake na ng'ombe wake.

Hamkufika hata stendi ya Hamza. Triza alisimama kando ya Jogoo Road, mikono kiunoni.

"Baba Muhonja, miguu yako haina shida hata kidogo. Shida ni salamu."

"Sasa nimpite mtu mzima nimekaa juu, mimi nani? Waziri?"

"Pungia mkono! Piga kengele!"

"Kengele ni ya kuku," ulisema, na ulimaanisha.

Sisi tulioishi nawe tunajua ulivyofunzwa. Kwenu mtu akiwa juu ya baiskeli akaona mkubwa wake, hushuka, akasimama chini, akasalimu, ndipo akapanda. Baba yako alifanya hivyo, naye alikutandika siku uliyosahau. Ulikuwa Nairobi miaka ishirini na zaidi na mji huu ulikuwa haujakutoa hilo.

Lakini ulimtazama Triza, ukakumbuka vile vyombo safi vilivyokuwa vinaoshwa. Kesho yake mkaanza mazoezi mapya. Triza akiwa nyuma yako, kila akiona unataka kugusa breki anakufinya mbavu. "Mirembe!" unapiga kelele, salamu ya kwetu Vihiga, mkono juu, na baiskeli inakwenda. "Mirembe, mzee!" Na inakwenda. Okumu alifurahi sana. Wewe ulikuwa unaumia. Ikifika jioni, baada ya chai, ulikuwa unatoka kwa miguu, ukienda kumwomba radhi kila uliyempita asubuhi.

Hata hivyo maneno hayakukosa. Mke wa yule mzee wa kanisa alikuja kumuuliza Triza kama kuna ubaya kati yetu, maana Luseno siku hizi ana maringo. Triza alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoingia ndani akalia kidogo, kwa sababu aliona ni kitu gani anakunyang'anya.

Ikaja Jumamosi. Mikate ikafungwa. Triza alitangulia Donholm pamoja na Muhonja, wakasimama kwenye kibanda cha Mama Waringa. Okumu, aliyewafuata nyuma kwa baiskeli mpaka Makadara, anasema uliondoka vizuri ajabu, mgongo chini, kanyaga kanyaga, na mpaka hapo Amolo alikuwa anaona karia yako tu. Ulimpita fundi wa viatu, ukapunga. Ulimpita mama wa uji, ukapunga.

Pale Donholm, Triza aliona baiskeli ikitokeza, akamshika Muhonja mkono. Alikuwa Amolo, peke yake. Alitupa mikate mezani bila kushuka, mguu mmoja chini, akauliza, "Nimemaliza, si ndio?" Nyuma yake barabara ilikuwa tupu. Triza anasema aliitazama barabara ile mpaka macho yakamuuma, na kichwani alikuwa ameshaanza kufunga masufuria kwenye gunia.

Ulipotokea hukuwa hata na haraka. Ulishuka, ukamwamkia Mama Waringa, ukamuuliza amelalaje, ndipo ukafungua mikate ukampa kwa mikono miwili.

"Umeanguka?" Triza akakuuliza.

"Hapana. Nilikutana na mama."

"Mama gani?"

"Mama yako."

Kumbe alikuwa amesikia huko nyumbani kwamba kazi imeisha, akapanda basi bila kumwambia mtu, na asubuhi hiyo alikuwa amesimama karibu na Hamza na kikapu chake, akiuliza njia ya Makongeni. Mama mkwe! Mtu ambaye hata mkono humpi, unasimama mbali naye na kuinamisha uso. Ungempitaje? Ulishuka. Alikuuliza habari za kila mtoto, kila mmoja kwa jina, na wewe ukajibu zote, huku Amolo akipita anapiga mluzi.

Triza alikuwa ameandaa maneno makali. Angemgombeza vipi mtu aliyemheshimu mama yake mbele ya Nairobi nzima? Alikushika mkono hadharani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Nahashon alipofika, Mama Waringa hakumngoja azungumze. "Huyo kijana amenirushia mkate kama mbwa. Huyu mzee ameniuliza nimelalaje. Mimi mkate wangu utaletwa na huyu, la sivyo nitanunua kwingine." Nahashon alikuna kichwa. Mwisho akagawa: Amolo achukue barabara kubwa kunakotakiwa mbio, wewe uchukue Donholm na vibanda vya ndani ya mitaa. Ilikuwa nusu ya kazi na nusu ya mshahara. Ilitosha kodi ya chumba hiki cha mtaa wa Maringo, na Muhonja akamaliza shule.

Ulisambaza mikate hiyo mpaka kifua kilipokuzidi. Mikate ilichelewa kila siku, na hatukuwahi kusikia mtu akilalamika.

Mwaka jana tulipokuondoa Nairobi kukupeleka Vihiga, gari lilipita Jogoo Road polepole. Triza alikuwa ameinamisha kichwa. Muhonja ndiye aliyemgusa akamwambia, "Mama, angalia." Kando ya barabara alikuwa amesimama Amolo, mikate ikiwa bado imefungwa nyuma yake. Ameshuka. Huyo ambaye hakuwahi kumshukia mtu tangu azaliwe. Mbele kidogo mwingine ameshuka, na mwingine, mpaka Hamza na kupita, watu wamesimama chini kando ya baiskeli zao, vichwa wazi. Triza hakulia tena mpaka tulipofika nyumbani.

Baiskeli sasa ni ya Muhonja, anakwenda nayo kazini Donholm. Kiti tumekishusha. Anachelewa kila siku, na sote tunajua kwa nini.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumapili hii kanisani Makongeni, kisha chai nyumbani. Mikate inaletwa na Amolo.

Tunaokukumbuka ni mkeo Triza, binti zako Muhonja na Clare, mama mkwe wako Kadenyi, rafiki yako Okumu, na mitaa yote uliyoipita ukishindwa kuipita.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Mirembe, Baba. Leo sisi ndio tumeshuka.