Magoti ya Mama Wanjiru

Nekesa mjukuu wangu,

Sasa mama? Huku Kianda tuko salama. Guka, babu yako, bado anabishana na redio, na paka wa jirani amezalia chini ya kitanda changu bila hata kuniomba ruhusa.

Unaniuliza kama ni dhambi kunywa divai ya kweli kanisani huko uliko, na sisi tulikuzoesha maji ya zabibu kavu.

Nikiwa msichana tulipanga Kawangware, kwa Mama Wanjiru. Kanisani kwao walipokea divai wakiwa wamepiga magoti. Sisi tulipokea maji yetu ya zabibu tukiwa tumekaa. Alizoea kutucheka: "Nyinyi na hiyo chai yenu ya zabibu!"

Kisha akaugua, miguu ikakataa. Jumapili moja kasisi wake alishindwa kufika, na Mama Wanjiru akatuita sisi wapangaji wake. "Leteni tu hiyo chai yenu."

Tulienda na mchungaji wetu. Alipoinua kikombe, Mama Wanjiru akaanza kujiburuta ashuke kitandani.

"Kaa tu, mama," baba yangu akamwambia. "Sisi hatupigi magoti."

"Mimi napiga," akasema, akizidi kujiburuta.

Baba akamrudisha polepole kwenye mto. "Basi pumzika. Leo tutapiga sisi kwa niaba yako."

Akapiga magoti kwenye sakafu ya simiti. Mchungaji akafuata, halafu sote. Mama Wanjiru akanywa.

Kuhusu divai, mama, fikiria magoti ya baba yangu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini kanisa zima linakaa, na mimi shosho yako peke yangu napiga magoti. Ndiyo hiyo sababu.

Shosho yako