Goli Ulilolikataa

Kaka Elia, shikamoo.

Nakuamkia ingawa ulikuwa unanikataza, ukisema nakuzeesha mbele ya wasichana. Sasa huzeeki tena. Nimeandika hapo nikaacha kalamu nikalia, halafu nimerudi, kwa hiyo mwandiko ukiwa umebadilika usishangae.

Hapa Iguguno tunamalizia kuvuna. Mama anapura alizeti bila kuongea. Ukimuuliza kitu anajibu kwa Kinyiramba tu, hata mgeni akiwa Msukuma, kana kwamba Kiswahili alikuwa anakiongea kwa ajili yako. Njumu zako bado ziko uvunguni na udongo wake. Nilitaka kuzisafisha, akanifokea.

Nakuandikia kwa sababu ya yaliyotokea kwenye maziko yako na baada yake. Habari ya lile goli unaijua kuliko mimi, lakini acha niianze mwanzo, maana tangu ufe kila mtu anaisimulia anavyotaka.

Ilikuwa fainali na Kinyangiri, zawadi dume la ng'ombe. Mwishoni kabisa ikapigwa kona, ukaruka, mpira ukaingia, refa akapuliza goli. Walikubeba mabegani, Mkumbo akiwa mbele, kapteni wako, rafiki yako tangu mkichunga ndama. Dume likachinjwa jioni ileile, kijiji kizima kikala. Mimi nilikula nikaongeza na supu. Wewe hukugusa nyama, na mama akadhani una malaria.

Jumapili ukasimama kanisani pamoja na wanaorudi kundini. Sote tunajua ni akina nani husimama pale: wasichana waliopata mimba, na walevi baada ya Krismasi. Ukasimama pembeni ya binti mmoja aliyekuwa anatetemeka, ukasema, "Ule mpira niliupiga kwa mkono. Nimewaibia watu wa Kinyangiri." Na watu wakacheka, Kaka! Kanisa zima. Mzee mmoja akasema mpira ni mpira, huo ni ujanja wa mchezo, wala hauhesabiki kuwa dhambi. Ni yule yule anayenyunyizia alizeti maji kabla ya kuipeleka kwenye mizani. Mchungaji hakujua afanye nini. Alimwombea yule binti, wewe akakuambia ukae.

Njiani ukaniambia, "Raheli, watanisamehe vipi na wamekataa kwamba nimekosa?" Mpaka leo natafuta jibu.

Kicheko kiliisha siku ulipomfungua Mweusi, mmoja wa maksai wetu wawili wa kulimia, ukamswaga kwa miguu hadi Kinyangiri kulipa lile dume tulilokula. Mama alikaa chini uani, hakuinuka mpaka jua limezama. Kule nako walikuogopa. Ng'ombe wa bure? Wakasema umetumwa na mganga. Hakuna aliyetaka kushika kamba, mpaka kipa wao, yule uliyemfunga, alipokuja akaipokea na kukushika mkono. Ulirudi unatabasamu kama mtu aliyetua gunia. Sisi tukalima kwa jembe la mkono, na nilikulaani kila asubuhi kwa sauti, nawe ukawa unanichekea na kulima matuta yangu pamoja na yako.

Hapo ndipo kijiji kikanuna. Wakasema umewaita wezi mbele ya Kinyangiri. Wengine uliwavumilia, lakini Mkumbo aliacha hata kukusalimia, na hilo lilikumaliza. Ukipita kijiweni anageukia ukutani. Jioni unakaa mlangoni, ukiulizwa unasema unapunga upepo. Upepo gani, Kaka, na kiti umekielekeza kwa Mkumbo?

Kifua kilipokubana ukawa huwezi hata kulala chali, kila mbwa akibweka ulikuwa unauliza, "Ni Mkumbo?" Nikawa nasema hapana. Siku ya mwisho hukuuliza.

Kwenye maziko walikuja wote. Timu nzima, wamevaa jezi. Wao ndio walichimba kaburi, wao ndio walikubeba, na wao ndio waliandika wasifu wako, ukasomwa na Mkumbo. Naamini walitaka kukuomba radhi ila hawakujua pa kuanzia. Unajua walivyofanya? Walikurudishia lile goli. Mkumbo akasoma kwamba marehemu atakumbukwa daima kwa goli lake la ushindi dhidi ya Kinyangiri. Watu wakapiga makofi, makaburini. Kuhusu Mweusi, hakuna neno. Kuhusu ile Jumapili, hakuna neno. Wamekuvalisha tena kile ulichokivua kwa machozi, halafu wanataka kukufukia nacho.

Nilisimama. Shangazi alinivuta kitenge, nikamnyang'anya. Nikasema, "Elia alilikataa goli hilo mwenyewe. Msimzike nalo."

Kisha nikasikia mtu anasema binti wa watu amechanganyikiwa na msiba. Mkumbo alikunja karatasi akaitia mfukoni, uso umemshuka. Tukakuzika. Waliponipa mkono wa pole wengi waliangalia pembeni, na nikajua sasa zamu ya kununiwa ni yangu.

Jana nikiwa napepeta alizeti, Mkumbo akaja. Ndiyo, Kaka. Kaja kwetu kwa miguu yake mwenyewe, mchana kweupe, na wewe hupo. Sikumkaribisha kiti. Nilimwacha na jua lake nikaendelea na ungo wangu.

Akasema, "Mimi niliuona ule mkono. Nilikuwa nyuma yake." Nikaacha kupepeta. Akasema ulipogeuka mliangaliana, naye akaweka kidole mdomoni. Akasema uliposimama kanisani alikuwa anatetemeka kuliko yule binti, akisubiri umtaje. Hukumtaja. Akaendelea kusubiri wiki hadi wiki, na kila akikuona aliona ile siku utakayosema. Ndiyo maana alikuwa anageukia ukutani.

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Hata wewe hakukuambia?"

Nikasema hapana.

"Hata mama yenu?"

Hata mama. Hata ulipokuwa unaumwa, Elia, ukilitaja jina lake kila mbwa anapobweka, hukusema anadaiwa nini. Nilidhani unamngoja rafiki akuombe msamaha. Kumbe ulikuwa umeshamsamehe, ulitaka tu aje. Moyo wangu umepasuka upya. Kwa nini hukusema? Ningeenda kumkokota kwa kola, ningekuletea hadi kitandani.

Mkumbo alikaa chini kwenye makapi akalia kwa sauti. Neno la kumwambia nilikuwa nalo tayari, nimelinoa tangu siku ya maziko: umechelewa. Lilifika mdomoni. Lakini nikakuwaza ukiwa umebeba kosa lako hadharani na la kwake moyoni, na sikuona haki yangu ya kumtupia. Nikaenda ndani nikamletea kiti. Mama alitoka, akamwangalia, akamletea maji.

Anataka kusimama kanisani Jumapili ijayo. Anaogopa watacheka. Aliomba nikae karibu aone uso mmoja anaoujua. Nakuahidi, Kaka, sitakaa karibu. Nitasimama naye pale pale mbele, na anayetaka kucheka atucheke wote wawili. Nina ya kwangu pia ya kusema. Hasira hii niliyonayo kwa kijiji kizima imeanza kunipendeza, na sidhani kama ni salama.

Basi pumzika, Elia wetu. Lipo jambo moja nimelifanya bila ruhusa yako. Alipokuwa anaondoka, Mkumbo aliniuliza kama ungemsamehe. Nikamwambia, "Alishakusamehe, siku ileile." Nimelisema kwa jina lako, sina shahidi. Kama nimekosea, utanigombeza tukionana. Ila najua sikukosea.

Mdogo wako,
Raheli