Jiko la Angani

Mwanangu,

Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia mguu umepona. Mimi mzima, macho bado yananisomea bila kulalamika.

Unaniuliza kama umruhusu mhariri akate kurasa za jiko katika riwaya za marehemu baba yako, maana anasema chombo cha angani hakihitaji jiko. Mkatalie. Nimezisoma riwaya zote na najua ninachosema. Waandishi wengine walibuni mitambo ya ajabu zaidi, lakini ni kaka yangu tu aliyejua kwamba watu wakifika kwenye nyota watagombana nani aoshe sufuria.

Alikuwa akiandika amevaa kofia ya pikipiki, eti mawazo yasitoroke. Siku moja nikamtania, "Wewe kichaa, huko angani nani atawapikia?"

"Wewe, dada," akanijibu bila kuivua. "Nimeshakuwekea jiko."

Na kweli aliniwekea. Limo katika kila chombo alichokirusha: dirisha dogo juu ya sinki, na mlango ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufunge. Ni jiko la kwetu, mwanangu. Nyumba ile ilibomolewa mwaka tuliokimbia, nasi hatukutoka na picha hata moja. Mpaka leo, huku ugenini, nainua milango isiyohitaji kuinuliwa.

Mhariri akitaka kupunguza kurasa, mwambie akate sayari. Zile zipo nyingi.

Ni mimi shangazi yako,
mpishi wa angani